Meza ya Velmuru

Hekalu letu halina sanamu.
Wageni wanaopanda hadi Ushmeri, pua zimewachubuka kwa baridi,
huuliza: yuko wapi huyo mungu wenu?
Nami, Dorrin mfuta-meza, nawaonyesha meza:
mbao za mlozi, miguu minne,
mmoja mfupi kwa upana wa kidole,
na juu yake bakuli la maji lililojaa hadi ukingoni.

Ndiye huyu?
Siye. Ila ndipo hapa.

Hapa, kati ya mguu na sakafu,
katika upenyo usiomtosha hata panya,
hukaa Velmuru, mungu wa hoja na mapatano,
asiyetaka ubani wala damu ya kondoo;
anataka tu umalize sentensi yako
kisha umwache mwenzako aanze yake.

Sheria ni moja. Ukija na ugomvi
unashika pembe yako ya meza, hasimu wako anashika yake,
mnasema hivyo hivyo, mmeishika.
Maji yakimwagika mnaanza upya,
tangu jina la baba.

Walikuja Oreth na Tamsuvi, ndugu wa tumbo moja,
mwezi wa theluji ya pili,
wakigombania mfereji ushukao kutoka kwenye barafu.
Oreth alikuwa na hati, mihuri saba.
Tamsuvi alikuwa na mikono iliyouchimba.
Siku ya kwanza maji yalimwagika mara kumi na moja.
Nilifuta mara kumi na moja.
Siku ya pili Oreth alitamka "haki" na meza ikaruka kama mbuzi.
Siku ya tatu walichoka, na uchovu,
wasemavyo makuhani, ni kifungua mimba wa Velmuru.
Tamsuvi akasema, taratibu, macho kwenye bakuli:
"Mwaka ule ulipougua homa, nani alikulisha uji?"
Oreth hakujibu. Alisogeza mkono,
mkono tu, vidole viwili,
kuelekea upande uliokuwa ukielemewa.
Maji yakatulia.
Nikaiona dari ndani yake, kila ufa mahali pake.

Hawakukumbatiana. Msitarajie asali hapo.
Waligawana: siku nne kwa nne,
na ya tisa maji yaende yanakotaka.
Hata leo hawasalimiani sokoni.
Lakini shayiri imeota kingo zote mbili.

Sasa niwaambie la moyoni, maana kaburi halina masikio.
Nikiwa kijana, seremala wa mwaka mmoja,
nilimwonea aibu mungu mwenye meza mbovu.
Usiku nikachonga kabari, nikaipachika chini ya ule mguu.
Meza ikasimama imara kama askari wa zamu.
Msimu mzima watu walikuja, wakasema mikono kifuani,
maji hayakutikisika,
na kila mmoja akaondoka na ukweli wake mzima mzima,
haujapata hata mkwaruzo.
Kufikia mavuno, mitaa miwili ya bondeni ilikuwa majivu.
Wa bondeni walikuwa na hoja nzuri. Waliowachoma pia.

Niliichomoa kabari. Ninayo mfukoni, imelainika kwa kupapaswa.
Hakuna sauti iliyonikaripia; Velmuru hakaripii.
Huuliza tu, na swali lake ni lile lile
kila alfajiri ninapojaza bakuli:
Una hakika?
Nami kila alfajiri hujibu: nusu.
Naye, nadhani, hutabasamu,
kwa kuwa maji hutetemeka kidogo
ingawa sijaigusa meza.

Au labda nimeigusa. Nina miaka sabini na miwili,
na mkono huu siku hizi haunitii.
Hilo nalo naliweka hapo, mezani.
Shika pembe yako.